Piki ya Mutu Mufupi

Mujukuu wangu ni mufupi. Ninaanza na hiyo, bila kuzunguka, juu kila kitu ya hii habari inatokea pale. Akisimama pembeni yangu, na mimi siko murefu, kichwa yake inafika ku bega yangu. Gunia ya maharagi inamupita uzito, na hapa sichezi: tulisha kumupima ku mizani ya soko, akacheka, mimi sikucheka.

Binti huyu alisoma uuguzi hapa Butembo, akamaliza muzuri, kiisha akakaa miaka mbili anauza chumvi na sabuni pembeni ya mama yake. Siku moja kazi ikapatikana mu sentre ya afya moja, upande wa Alimbongo, kule juu kwenye baridi. Lakini, mais kama tunasemaka huku, ilikuwa na sharti. Sentre ile inaangalia bijiji bya mulima, mahali gari haifikake. Kila juma mutu anapaswa kupanda na sanduku ya barafu yenye chanjo ya batoto ndani, na kushuka siku ileile. Mwanaume mwenye alikuwa anafanya hiyo kazi alihama. Titulaire, ni kusema mukubwa wa sentre, alimwambia mujukuu wangu waziwazi:

"Mimi sina piki ya kukupa. Kuya na yako, na ukuye unajua kuiendesha. Mwezi ikianza utapanda na sanduku. Ukirudi na barafu ingali haijayeyuka, kazi ni yako. Ukishindwa, kuko kijana mungine anangojea, na yeye ni murefu."

Alirudi nyumbani na hayo maneno. Tulikuwa na juma tano mbele yetu.

Siye batu ya Butembo tunachagua piki namna tunachagua punda, hata kama punda hatuna. Tunaangalia mugongo. Inaweza kubeba nini? Nimeona piki moja ikipita mbele ya mulango yangu na makaa gunia tatu, ingine na nguruwe muzima amefungwa nyuma, ingine na baba, mama na batoto tatu, na wa mwisho amekaa juu ya rezervuari, tangi ya mafuta, anakula andazi. Mutu akipita peke yake juu ya piki, batu banamuangalia vibaya. Ni choyo. Ao ni mugeni.

Kwa hiyo tulipokaa ku Siku ya Mungu kisha misa, mimi, mujukuu, na mwana wangu mukubwa mwenye kuuza vipande vya mashini mu soko, hakuna mutu aliuliza kama mutoto ni wa kimo gani. Mwana wangu alisema, "Tutafute ya nguvu. Ya kiti murefu. Siku hana kazi ya chanjo, itabeba mizigo." Nikasema ndiyo. Mu nyumba yangu nikisema ndiyo, mukutano umekwisha.

Tulikuta piki ndefu, nyeusi, mupya, na kiti ya kutosha batu tatu. Mujukuu alipanda juu yake mbele ya duka. Miguu ilibaki inaning'inia.

"Mukaka," akaniambia, juu kwetu bibi njo tunaitaka mukaka, "miguu yangu haigusi chini."

"Utazoea."

"Nikinyoosha, kidole moja tu inagusa."

"Nimesema utazoea. Mutu anakuaka ndani ya kitu."

Leo ninajua hayo maneno niliyatoa wapi. Nilizaa batoto nane, na bote nilibanunulia biatu bikubwa. Unaweka karatasi mbele, mutoto anaenda ku masomo anaburuza miguu, mwaka ikiisha karatasi inatoka, na kiatu inakuwa ya kipimo chake. Nguo ya masomo vilevile: unakunja mara mbili chini, kila mwaka unafungua kidogo. Njo namna tuliwakuza. Nilimununulia mujukuu piki kama kiatu. Nilisahau kama alikuwa na miaka makumi mbili na ine. Hakukuwa tena na karatasi ya kutoa.

Tulimupeleka Rughenda kujifunza, pale pembeni ya kiwanja ya ndege, juu inchi ni sawasawa na batu banaojifunza banaendaka pale. Mujomba wake, ule mwana wangu wa soko, alishika nyuma ya kiti, anamuonyesha: hapa ni ambreyaji ya kukata moteri, hapa freni, hapa vitesi ya kubadilisha mwendo. Bamotari bane, bale ya kubeba batu na piki kwa feza, balikuwa banapumzika juu ya piki zabo, miguu ku gidoni, pale mikono inashikaka. Walipoona siye, wakapata sinema.

"Eh! Muangalie, piki inaenda peke yake!"

"Hapana, kuko mutu juu. Angalia muzuri."

"Ni mutu ao ni kioo ya rétro?"

Nilibaambia bafunge kinywa, kwabo hakuna wamama? Wakasema kwa heshima, "Pole, mama," na wakaendelea kucheka ndani ya makoti.

Mutoto alienda muzuri. Hiyo niliona na macho yangu. Alienda mbele kama hatua mia moja, akazunguka, akarudi, uso umekaza. Kiisha akasimamisha piki mahali inchi inainama kidogo, kidogo sana. Akatuma muguu kutafuta chini. Muguu ikashuka, ikashuka, haikukuta kitu. Piki ikainama juu yake polepole kama ng'ombe anataka kulala, na bomba ya moshi ikamukamata ku mundi wa muguu. Akalia mara moja tu. Bamotari bane, balebale ya kucheka, bakaruka bakakuya kuinua, juu yeye peke yake alivuta gidoni hata mishipa ya shingo ikatoka na piki haikutikisika.

Mumoja akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, umununulie chukudu, ile ya miti ya kusukuma na muguu."

"Chukudu utapanda weye," nikamujibu. Mais haya ilinishika mu masikio.

Tulipaka asali na majani ku kidonda. Juma ya pili akarudi Rughenda na mujomba, akaanguka mara mbili. Juma ya tatu mujomba akakuya kwangu peke yake, akakaa, akakunywa chai yote mbele ya kufungua kinywa.

"Mama, tuache. Hii kazi haiko ya mwili kama wake. Piki nitaichukua mimi, nitaitumikisha ku mizigo ya duka, haitapotea."

"Naona umesha kufikiri nani ataipanda."

"Mama, mimi ninasema juu ya muguu ya mutoto."

"Na juu ya kiti murefu."

Akageuza kikombe tupu mu mukono. Ni mwana wangu, ninamujua. Mais juu ya muguu alikuwa anasema kweli, na hiyo njo ilinikasirisha.

Mujukuu alikuwa mu jikoni anasikia. Akatoka na mwiko mu mukono. "Mukaka, siangukake nikitembea," akasema. "Muulize mujomba. Ninaangukaka nikisimama. Nikitembea piki ni yangu, nikisimama inakuwa yake."

Hayo maneno yalinifuata mpaka ku shamba siku yenye kufuata. Nilienda kukata kuni. Siye wamama ya huku tunabeba ku mugongo, na kamba inapita juu ya paji ya uso. Nilifunga kuni zangu, nikavaa kamba, nikainuka, na mara moja nikakumbuka mutoto huyu akiwa na miaka munane. Siku ile nilimupa kamba yangu mimi. Muzigo ukashuka ukawa unamupiga ku matako, kila hatua unamuvuta nyuma, analia. Nilifanya nini? Nilimwambia atazoea? Hapana. Nilifungua kamba, nikaikunja kipimo ya mugongo wake, nikafunga tena, muzigo ukakaa mahali pake, akapanda mulima mbele yangu. Muzigo ulikuwa uleule. Nilifanya vile bila kufikiri, juu mama yangu alinifanyia, na wake alimufanyia.

Nilitua kuni chini, mu katikati ya njia, nikakaa juu yake. Mwanamuke mungine akapita akaniuliza kama niko mugonjwa. Nikamwambia hapana, niko mupumbavu, apite.

Kumbe mwana wangu, juu ya ile kazi yake ya kuuza vipande, alikuwa anajua kitu na hakusema. Nilipomukaza akatoa. Ku Beni, alisema, kuko muzee mumoja fundi wa piki. Bageni balikuwa banakaa kule, bakaenda kwabo, bakamuachia piki za mucheze fulani. Ni fupi, ni nyepesi. "Mais mama, ni piki ya aibu. Haina hata kiti! Ni chuma na magurudumu. Mutu anasimamaka juu kama mubuzi juu ya nyumba."

"Kesho tunashuka Beni," nikasema.

Tulishuka mimi na mujukuu, ndani ya taxi, batu wanne nyuma. Unatoka na sweta mu Butembo, na kila bariere ya njia unafungua kifungo moja. Ukifika Beni sweta iko mu mikono. Fundi alikuwa na karakana yake ku njia ya kuenda Mavivi, chini ya mabati, radio inaimba nyimbo za kwaya. Muzee mukavu, na miwani imefungwa na waya. Aliona rozari mu shingo yangu mbele ya kuniona mimi.

"Karibu, mama Mukatoliki. Unakuya kununua ao kunibariki?"

"Nakuya kuangalia. Kuangalia haiko zambi hata kwenu Baprotestanti."

"Kuangalia hapana. Kugusa bila kununua, tunaombeaka mutu."

Nilimupenda pale pale, mais sikumuonyesha.

Alikuwa na tatu. Alituambia ule mucheze ni wa namna gani. Banaweka mawe makubwa, na miti ya kuanguka, na mutu anapanda juu yake na piki, polepole, amesimama, na akitia muguu chini ameshindwa.

"Nani anabafukuza?" nikauliza.

"Hakuna mutu, mama. Banapenda tu."

"Banapenda kupanda mawe."

"Ndiyo. Na kisha banarudi nyumbani kunywa chai."

Siye tunapanda mawe na miti ya kuanguka kila siku ya soko, na muzigo ku paji, na hakuna mutu alituambia kama ni mucheze. Mais nilielewa kitu: kama kuko batu walitengeneza piki ya mawe na matope na ya kuenda polepole, basi walitengeneza piki ya njia yetu, bila kutujua.

Ya kwanza ilikuwa ya batoto, chini kabisa. Ya mbili, ya katikati, buluu imechubuka, moteri ya kadiri. Ya tatu nyekundu, muzuri, moteri ya nguvu. Mujukuu macho yake ilienda moja kwa moja ku nyekundu. Fundi aliona.

"Iwashe," akamwambia.

Ile ya nyekundu haina kifungo ya kuwasha, unapiga teke ku chuma fulani ku upande. Akapiga. Haikushuka. Akapanda na uzito wake wote juu ya ile chuma, miguu mbili, na akabaki pale anaelea kama nguo ku kamba. Fundi akacheka mpaka miwani ikaanguka, na mujukuu naye akacheka, cheko yake ya kwanza tangu Rughenda.

"Unaona, binti," fundi akasema. "Moteri kubwa inakataaka mutu mwepesi. Siku ingine itakurudishia teke na itakuvunja muguu. Na ukikosea kidogo ku mukono wa kuume, itaondoka na itakuacha hapa na mama. Nguvu hapana kitu unatafuta. Uzito wako kidogo njo nguvu yako. Piki ikiwa nyepesi utaipeleka na kiuno."

Hapo nikasema, "Uilalishe chini."

"Nini?"

"Piki. Ilalishe chini, zote tatu."

"Mama! Piki haiko mbuzi ya kulalisha."

"Ku mulima italala yenyewe, na hakutakuwa bamotari bane ya kuinua. Nataka kuona nani atainua."

Aliniangalia. Kiisha akaenda akaleta makartoni, akayatandika, akazilalisha moja moja polepole kama mama analaza batoto. Mujukuu akaenda ku nyekundu, akavuta kama alivyovuta ile ya Rughenda, uso umeielekea. Ikainuka nusu, ikarudi.

"Hapana hivyo," nikamwambia. "Umesahau kuni? Mutu anainuka na mapaja. Geuka."

Fundi akasema, "Mama anasema kweli, geuka, ipe mugongo." Akamuonyesha: matako mahali kiti ingekuwa, mukono moja ku gidoni, mungine ku chuma ya nyuma, piga magoti, rudi nyuma hatua kidogo kidogo. Mujukuu akahamia ku ile ya katikati, ikainuka kama mutoto amekubali kuamka. Akailalisha mwenyewe, akainua tena. Mara ya tatu hakunitazama.

Fundi akaangalia mikono yake pia. Bidole byake ni bifupi; kufika ku ambreyaji alikuwa ananyoosha mpaka mukono unaacha gidoni. Fundi akachukua bisibisi, akakaza visi kidogo sana, na ile chuma ikakaribia bidole. Ni kitu ya dakika moja. Ku piki ya Butembo visi kama ile iko, aliniambia, ku zote iko. Hakuna mutu alituonyesha. Mais na siye, tuliuliza? Tuliuliza inabeba gunia ngapi.

Ikabaki kuchagua, na hapa niandike muzuri, juu njo mahali nilikaribia kuharibu mara ya mbili.

Nilisha kuchagua. Nilichagua ile ya batoto. Miguu yake yote mbili ilikaa chini, kisigino na bidole, kama mutu amesimama mu nyumba. Nilikuwa nimeona piki ikimulalia mara moja, sikutaka kuiona tena. Nikamwambia fundi, "Tunakamata hii."

Fundi akapangusa mikono na kitambaa, polepole, kidole moja moja.

"Mama," akasema, "nani ataendesha?"

"Mutoto."

"Basi mutoto mbona hajasema?"

Ilinichoma. Mu miaka yangu yote hakuna fundi alisha kuniambia vile, tena Muprotestanti. Nikageuka kwa mujukuu: "Sema basi! Una kinywa."

"Mukaka utakasirika."

"Nimesha kukasirika. Sema."

Akasema akiangalia piki, hakuniangalia mimi. "Hii ni ya mutoto kweli. Magurudumu yake ni kidogo. Kule juu mvua imekata mifereji mu njia, itaingia yote na mimi ndani. Na nikisimama, magoti yangu inagonga gidoni. Ninataka ya katikati."

"Haugusi chini na miguu yote."

"Ninagusa na moja. Moja inatosha nikijua ni wapi nitaiweka. Ku Rughenda sikukosa muguu tu, Mukaka. Nilikosa kuangalia mbele ya kusimama. Nilikuwa naangalia kama weye uko nacheka ao hapana."

Neno ilikuwa imefika ku ulimi. Nilikuwa nitasema: mimi njo nimekuya mpaka hapa, mimi njo najua. Nikaona fundi ananingojea, na mutoto ananingojea, na makartoni chini. Nikasema, "Ya katikati," na sauti yangu haikuwa muzuri.

Fundi aliiwekea kiti kidogo ya kukaa njia ikiwa sawa, na portebagaji ya kufunga sanduku. Alitukataza: "Mutu moja na sanduku. Hapana mutu wa mbili, hapana gunia. Na esanse ya akiba mu chupa, rezervuari yake ni kidogo kama tumbo ya ndege wa muti."

"Butembo batasema tuko na choyo."

"Baseme. Bo hawatakuwa ku mulima."

Alimufundisha mpaka jua ikainama. Simama juu ya vyuma vya miguu. Magoti ikuwe laini. Kidole moja tu ku freni. Angalia mahali unaenda. Ukiangalia shimo, utaenda mu shimo. Punguza upepo mu mipira kukiwa matope. Niliona mutoto wangu amesimama juu ya piki, matako nyuma, anazunguka pipa na matofali polepole kuliko mutu wa kutembea, na batu ya njia banasimama kuangalia. Nilitaka kujifunika uso. Kiisha nikamwambia atafute pantaloni ya nguvu, mimi mwenye nilikataza pantaloni mu nyumba yangu tangu nilipoolewa. Ile ndefu nyeusi mwana wangu aliichukua. Aliichukua na furaha, na mimi sikumuongezea neno.

Mwezi ikaanza. Nilienda naye Alimbongo, nikamwambia nafuata viazi. Hakuamini, mais aliacha. Asubuhi ilikuwa na ukungu, na baridi ya kupita mu mifupa. Titulaire akatoka inje na kikombe yake, akazunguka piki mara mbili.

"Hii ni piki ao ni baiskeli imekosa pedali?"

"Ni piki, chef," mujukuu akajibu. "Pedali nitatafuta kule juu."

Akacheka kidogo. Mais sanduku aliifunga mwenyewe, akavuta kamba mara tatu kuona kama inashika, na akamukumbusha: bijiji tatu, barafu, siku ileile. Mujukuu akapiga teke moja, moteri ikaitika. Akasimama juu ya vyuma, akaingia mu njia ya miguu kati ya shamba za viazi, na ukungu ikamumeza kuanzia chini, magurudumu kwanza, kichwa mwisho.

Nilikaa ku benchi ya sentre. Ku saa ine mvua ikanyesha. Nilisoma rozari yote, na sitadanganya, kati ya Salamu Maria moja na ingine nilikuwa nahesabu mahali pa kuanguka. Kilima ya kwanza. Daraja ya miti mbili. Nilifikiri juu ya bomba ya moshi na mundi ingine. Nilifikiri kama ningefunga kinywa Butembo juma tano zenye zilipita, ao ningefungua zaidi. Nilikuwa na hasira, na hakuna mutu wa kuipa.

Titulaire akapita mara ya tatu. "Mama, viazi yako haitakufuata hapa. Soko itafunga."

"Nilisha kununua."

"Iko wapi?"

"Nilikula."

Akaenda bila kuuliza tena.

Ilikuwa imepita saa tisa nilipoisikia, mbali, inakuya na inapotea kufuata kona za mulima. Mama moja mwenye mutoto mu mugongo alisema, "Piki ya nani ile?" Nilisimama. Mujukuu akatoka mu shamba za viazi amesimama, matope mpaka ku kifua, rétro moja haiko, chuma ya freni imepinda. Akafika mbele ya mulango, akatazama chini kwanza, akachagua jiwe, akaweka muguu. Muguu moja. Piki ikasimama.

Titulaire hakumusalimia. Alifungua sanduku, akaingiza mukono mpaka ku kiwiko. Maji ikasikilika. Akazungusha, akatoa kipande ya barafu kama ya kiganja, akaiangalia, akairudisha, akasoma kipimo.

"Bijiji ngapi?"

"Mbili, chef. Batoto bote bako mu kitabu. Ya tatu sikufika. Muti umeanguka mu njia, munene, haupandikiki na sanduku."

"Nilisema tatu."

"Ulisema. Muti haukusikia."

Nilifunga macho. Titulaire akafungua kitabu, akageuza kurasa moja, mbili, anafuata majina na kidole, matope ya bidole bya mujukuu imebaki ku kila ukurasa.

"Ulianguka?"

"Mara tano."

"Nani aliinua?"

"Nani iko kule, chef?"

Akafunga kitabu. Akaingia ku bureau, ofisi yake, na kupitia mulango niliona anaandika ku ile karatasi ya ukuta yenye majina ya batumishi wa sentre. Jina ya mujukuu iliandikwa chini ya mwisho, na kalamu ya bic, herufi kubwa. Alipotoka, akapiga kidole ku rezervuari ya piki.

"Nani alikuchagulia hii? Ninahitaji ingine kama hiyo."

"Nilichagua mwenyewe," mujukuu akasema.

Nilifungua kinywa. Taxi ya Beni, makartoni, kuni, yote ilikuwa pale ku ulimi inasukumana. Kiisha nikakifunga, juu alikuwa anasema kweli.

Kesho yake alipanda tena, na panga imefungwa juu ya sanduku. Sikuwa pale kuona. Nilikamata gari ya asubuhi kurudi Butembo, juu Alimbongo hakuna mutu alikuwa ananihitaji.